Mabati Yaliyokwenda Kupimwa

Vita vya Hitla vilipokwisha, jeshi la Mwingereza lilijikuta lina bidhaa nyingi kuliko maadui, likaamua kuzinadi. Wenye akili walitoka mnadani na mablanketi, viatu, na masufuria ya kupikia kikosi kizima. Jabiri wa Temeke, ambaye akili hazikuwahi kumpungukia ila fedha tu, alitoka na sanduku moja ambalo hakuna aliyelitaka. Mwenyewe hakujua lina nini. Alilichukua kwa sababu lilikuwa na maandishi mengi ya Kizungu, na kwa imani yake kitu chenye maandishi mengi namna ile hakiwezi kuwa takataka.

Lilikuwa limejaa utepe wa gundi. Kitambaa cha kaki, kimezungushwa duara duara, upande mmoja una gundi, au tuseme uliwahi kuwa nayo. Sanduku lilikaa stoo miaka yote ya vita kwenye joto la Dar es Salaam, na gundi ilikwisha kata tamaa na maisha. Jabiri akaubandika utepe ukutani, ukadondoka. Akaubandika kwenye sanduku lenyewe, ukadondoka kabla hajaondoa mkono. Akaubandika kwenye paja lake mwenyewe, ukateleza hadi chini kwa adabu kabisa. Mtu mwingine angekaa akalia. Jabiri alikaa juu ya sanduku, akayaangalia mapaa ya jirani zake yanavyong'aa juani, akaanza kupiga mluzi.

Maana shida ya Jabiri duniani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa bati. Alikuwa amemposa Mwajabu, binti wa Bi Chausiku. Mwajabu mwenyewe hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa mama. Bi Chausiku, mjane aliyekuwa na nyumba ya makuti yenye kuvuja kila kona, alimtuma mshenga, Mzee Salumu, arudishe jibu hili: "Mwanangu hatoki kwenye makuti kwenda kwenye makuti. Aezeke bati kabla ya masika. Akishindwa, yupo mtu wa bandarini anaulizia."

Nyumba Jabiri alikuwa nayo, kwa maana ya kuta. Juu ya kuta kulikuwa na mbingu ya Mwenyezi Mungu. Na mabati siku zile yalitoka kwa kibali cha boma, na vibali vilikuwa na tabia ya kuwafikia watu ambao tayari wana mabati. Watu hupenda kudhani tapeli hana moyo. Jabiri alikuwa nao, tena mlaini, na ile habari ya mtu wa bandarini ilimnyima raha kweli kweli. Alimpenda Mwajabu kiasi kwamba alikuwa tayari kufanya lolote kwa ajili yake, isipokuwa kazi.

Basi siku chache baadaye alionekana amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, soksi ndefu, penseli sikioni. Mkononi alishika utepe na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Mfukoni, ndani ya jani la mgomba, alikuwa na donge la ulimbo, ule ule utomvu ambao watoto hutegea ndege. Huo haukuonekana. Wa kwanza kutembelewa alikuwa Mzee Mwinjuma, mwenye nyumba za kupangisha makuli wa bandarini, mtu ambaye mpangaji akikohoa usiku humuuliza kama atalipia na hicho kikohozi.

"Shikamoo, Mzee Mwinjuma."

"Marahaba. We si Jabiri, uliyeniuzia saa isiyotembea?"

"Ndiye mie, mzee. Lakini leo nimekuja kikazi."

"Kazi ya nani?"

"Kuna kampuni huko Ulaya inatengeneza utepe wa kuziba mapaa. Kwao wameshaupima, umeshika. Lakini kwao jua hakuna, mzee, kuna kitu kama kibatari kilichokwisha mafuta. Sasa wanataka kujua bati la hapa kwetu, lililokaangwa kama hili lako, linaipokeaje gundi. Wamenipa mie kazi ya kupima."

"Wakakupa wewe."

"Hata mie nilishangaa, mzee."

Jibu hilo lilimtuliza Mzee Mwinjuma kuliko kiapo. Akamruhusu. Jabiri akaweka ngazi, akapanda, akalisugua bati kwa majivu, akalifuta, akalipuliza, akaliwekea sikio. Kisha akageuka upande wa pili kidogo, akaupaka utepe ulimbo kwa kidole gumba, akaubandika kwenye ukingo wa bati, akaning'iniza kopo la maji kwenye ncha yake. Makuli waliokuwa wamepumzika wakatoka vyumbani kuangalia. Kopo likaning'inia. Jabiri akaangalia saa yake, ambayo ilikuwa ndugu wa ile aliyomuuzia Mzee Mwinjuma, akaandika hewani kwa penseli. Kopo likazidi kuning'inia.

Halafu likaja jaribio la kubandua. Jabiri akakiingiza kindoano cha mizani kwenye ncha ya utepe, akavuta polepole, uso umekunjamana kama daktari aliyeona jambo tumboni mwa mgonjwa. Utepe haukusogea. Akavuta tena. Akashuka ngazi, akajifuta jasho.

"Mzee, hili bati ulilitoa wapi?"

"Kwani lina nini?"

"Nimepima mengi. Sijaona bati linalopenda gundi namna hii."

Mzee Mwinjuma alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumsifia kitu, seuze bati. Akajinyoosha mgongo. Akawaambia makuli, "Mmesikia?" kama kwamba alilizaa yeye.

Hapo Jabiri akashusha sauti. Kampuni, alisema, itachagua bati moja katika mji mzima, litakaloshika utepe kupita yote. Mwenye bati hilo ataezekewa nyumba zake zote upya, bure, kwa mabati mapya yatakayokuja na meli, na picha yake itapigwa chapa kwenye kila sanduku la utepe litakalouzwa duniani. Kinachotakiwa ni bati moja tu, zima, lisilo na kutu, likapimwe huko kunakopimwa. Na lisijulikane kwa majirani, maana wakijua watataka kushindana.

"Hata Shomari wa jirani hapa asijue?"

"Huyo ndiye asijue kabisa."

Bati likang'olewa. Kwa kuwa lilikuwa juu ya chumba cha mpangaji, Mzee Mwinjuma hakuona hasara yoyote. Kwenye pengo Jabiri akatandika gunia, akalizungushia utepe pembeni, akaeleza kwamba gunia nalo ni sehemu ya jaribio. Mpangaji aliuliza mvua ikinyesha itakuwaje, akaambiwa huu ni utaalamu.

Kule Kinondoni alikwenda kwa Zoeb Remtulla, muuza duka aliyejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya duka lake. Zoeb alikubali upesi mno. Kabla kopo la maji halijaning'inizwa alishauliza picha itapigwa akiwa amesimama au amekaa. Mama yake, Sherbanu, aliyekuwa anachambua mchele kibarazani, ndiye aliyeinua kichwa.

"Zoeb, kwa nini apime bati la juu ya duka? Mpe la chooni."

Jabiri akamwinamia. "Mama umesema neno la maana. La chooni nalo linahitajika, tulinganishe."

Akaondoka na yote mawili, huku Sherbanu akirudi kwenye mchele wake, asielewe vizuri alipokosea.

Ikawa hivyo mtaa kwa mtaa. Kila mwenye nyumba alitoa bati kwa siri, akafunika pengo kwa gunia, akapita mbele ya jirani yake mwenye gunia vile vile, wakasalimiana, kila mmoja akimcheka mwenzie kimoyomoyo. Sijui kama umewahi kuona mji mzima umetunza siri moja. Dar es Salaam, mji ambao mtu akinunua nazi mbovu Magomeni inajulikana Mbagala, ulinyamaza kimya, kwa nguvu ya tamaa tu.

Sasa mabati yawekwe wapi? Jabiri hakutaka kuezeka moja moja. Alitaka aezeke yote kwa siku moja, ndoa ifungwe siku ya pili, na atakayekuja kuuliza siku ya tatu amkute ni mtu mwenye mke na heshima zake. Nyumbani kwake hakukuwa na mlango, na Temeke, kwa masikitiko yake makubwa, ilikuwa imejaa wezi. Ua mmoja tu ndio ambao mwizi hangethubutu kuukaribia, nao ulikuwa ua wa Bi Chausiku. Akamtuma Mzee Salumu aombe nafasi. Bi Chausiku akajibu kwamba mali ya mkwe ni amana, yaletwe. Yakaletwa, moja baada ya moja, yakiwa na vipande vyao vya utepe, yakaegemezwa kwenye ua nyuma ya banda la kuku.

Yalipotosha, na mawingu yakaanza kukusanyika upande wa baharini, Jabiri akaenda kuyachukua. Na hapa lazima niseme jambo ambalo mwenyeji wa pwani analijua, lakini Jabiri kwa ujanja wake wote hakulipigia hesabu. Mkwe hasemeshwi. Mama wa mwanamke uliyemposa humtazami usoni, huketi naye, hufungui mdomo wako mbele yake isipokuwa kwa mshenga. Una neno, unampa mshenga. Ana neno, anampa mshenga. Ukivunja hilo mbele za watu, posa imekufa, na wa bandarini anapigiwa hodi. Na mshenga huyu Jabiri alimchagua mwenyewe, kati ya wazee wote wa Temeke wenye ndimi tamu, kwa sababu Mzee Salumu hakudai chochote zaidi ya kikombe cha kahawa.

Jabiri akaingia uani na mshenga wake, akaketi kwenye kigoda pembeni, mgongo ameelekeza jikoni. Jikoni, hatua chache tu, Bi Chausiku alikuwa anakuna nazi, kanga kichwani, naye amempa mgongo. Wanawake jirani wawili watatu walikuwa wamekaa mkekani wakisukana. Kila mtu alikuwa anamsikia kila mtu.

"Mzee Salumu," Jabiri akaanza, na sauti ilikuwa asali, "mwambie mama, kwa heshima na taadhima, mwanawe nimefika. Mwambie roho yangu imekosa amani kwa jinsi nilivyomjazia ua wake, kuku hawana pa kupita. Ukarimu wake nitausimulia mpaka kwa wajukuu. Mwambie fundi amepatikana, miti ya paa ipo tayari, na sasa, kwa ruhusa yake, ningependa kumpunguzia mzigo huu."

Mzee Salumu akanyanyuka, akazivuka zile hatua, akasema, "Anataka mabati."

"Mwambie yapo," alisema Bi Chausiku.

Mzee Salumu akarudi. "Anasema yapo."

"Nimesikia."

"Nimwambie umesikia?"

"Hapana. Mwambie nitashukuru nikiyachukua leo."

"Muulize yamepimwa?" Bi Chausiku aliendelea kukuna nazi. "Maana nasikia kwa makuli mkwe wangu ni mpimaji. Watu wazima wenye mvi zao wamempa mabati akawapimie. Mie ndiyo kwanza naoza, tena mtoto wa pekee. Nitajuaje kama haya yanazuia mvua?"

"Anauliza yamepimwa?"

Jabiri akatabasamu. Maswali ya namna hii alikuwa anayala na chai. "Mwambie mama nimeyapima kwa mikono yangu. Jaribio la kunata, jaribio la kubandua, jaribio la uzito. Mwambie mabati haya yanapenda gundi kuliko mabati yote ya mji huu. Mwambie utepe uliobandikwa pale hata tembo..."

Mzee Salumu akazivuka zile hatua. "Anasema ndiyo."

"Mwambie kuku wangu mwekundu ameshinda jana kutwa anarukaruka na kipande cha utepe mguuni," alisema Bi Chausiku. "Nikamkamata nikamtoa. Utepe wenyewe haushiki hata vumbi. Kilichomshika ni ulimbo. Mwambie ulimbo mie nilikuwa nategea chiriku kabla yeye hajazaliwa. Halafu mwambie Mzee Mwinjuma wa pale juu na wenzake bado hawajui, na kwangu hawatajua. Mie mtu wa siri."

Wanawake wa mkekani waliacha kusukana. Mzee Salumu akarudi taratibu, akainama.

"Anasema anajua."

Jabiri alihisi jasho linamtoka kwenye soksi. Alikuwa na maneno. Jamani, alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, yamejipanga mdomoni yote, yakisubiri ruhusa. Angeweza kulia, angeweza kuapa, angeweza kumwambia kwamba ulimbo ndiyo gundi mpya ya Ulaya. Kilichotakiwa ni kugeuka tu, amtazame yule mwanamke, aseme. Akanyanyuka nusu. Wanawake wa mkekani wakamkazia macho, wakingoja. Akaketi.

"Mwambie," alisema, na asali ilikuwa imepungua, "mama anataka nini?"

"Mwambie nataka yapimwe. Si kwa kopo la maji, kwa mvua ya kweli. Yaezekwe hapa kwangu, masika yote. Yakishinda, tutazungumza. Na kwa kuwa fundi amepatikana na miti ipo tayari, aje navyo."

"Anasema uezeke hapa."

"Mwambie nyumba ile ya kwangu ndiyo atakayokaa mwanawe. Mwambie mvua ni ile ile, mbingu moja, na kama ni kupima, tunaweza kupimia kule kule. Mwambie namwomba kama mtoto anavyomwomba mamaye, nimekonda kwa ajili ya Mwajabu, aniangalie."

Mzee Salumu alitafakari njiani. "Anasema kule."

"Hapa."

"Anasema hapa."

Hakuna mtu aliyewahi kudhulumiwa maneno kama Jabiri siku ile. Kabla ya wiki kwisha fundi alikuwa juu ya nyumba ya Bi Chausiku, makuti yakitupwa chini, mabati ya Kinondoni na ya Temeke yakilala bega kwa bega kwa mara ya kwanza. Miti ya paa ilikuwa ya Jabiri. Misumari ilikuwa ya Jabiri. Masika yakaja, yakapiga, na ndani ya nyumba halikudondoka hata tone. Kwa Jabiri maji yalijaa chumba hadi chumba, naye akalala juu ya sanduku la utepe.

Mvua zilipokatika akamtuma mshenga kwa unyenyekevu: jaribio limekwisha, arudishiwe mabati, aezeke, aoe.

Jibu likaja. Mzee Salumu alikuwa amelikariri njia nzima, na kwa mara moja katika maisha yake alilifikisha kamili. "Anasema mwanae sasa analala kwenye bati. Hatoki kwenye bati kwenda kwenye kuta. Ukitaka kuoa, oa, ana radhi. Hamia."

Jabiri aliketi juu ya sanduku lake la utepe. Kuhamia ukweni, mwanamume mzima, watu wakuone unatoka na kopo la maji asubuhi uani kwa mama mkwe. Akamfikiria mtu wa bandarini. Kisha akamfikiria Mwajabu, aliyemtumia vitumbua siku zote za mvua, vimefungwa kwenye jani, bila mama kujua. Akahamia.

Na Mwajabu alimfurahia kweli, hilo hatukatai. Lakini Bi Chausiku alikuwa na mazoea ya kuketi kibarazani tangu asubuhi mpaka jua linapozama, na popote alipokuwa, Jabiri alilazimika kunyamaza. Mtu aliyekula kwa mdomo tangu ujana wake alikaa pembezoni mwa nyumba ameufunga, akiangalia vidole vya miguu.

Hapo ndipo Mzee Mwinjuma alipotokea. Gunia lake lilikuwa limeoza, mpangaji alikuwa amehama, na hasira alizotoka nazo kwake zilikuwa zinatosha mtaa mzima.

"Jabiri. Bati langu liko wapi?"

Jabiri akafungua mdomo. Bi Chausiku, kibarazani, akakohoa kidogo. Jabiri akaufunga.

"Karibu, Mzee Mwinjuma," alisema Bi Chausiku. "Mkwe wangu hasemi mbele yangu, mila zetu unazijua mwenyewe. Niulize mie. Hapa ndipo panapopimwa. Lako ni lile pale, karibu na mlango, limekula masika yote halijatikisika. Mpaka sasa mmebaki wawili, wewe na yule muuza duka wa Kinondoni."

Mzee Mwinjuma akaangalia juu. Hasira zikaanza kumshuka. "Mie na yule tu?"

"Wawili tu. Ila bati moja halitoshi kukata shauri. Yeye kesho analeta jingine."

"Mie naleta leo." Mzee Mwinjuma akamgeukia Jabiri, akamtazama pale alipokaa kichwa chini, mdomo kimya, uso mzito. "Unajua, mwanzoni nilimshuku kijana huyu. Maneno mengi. Kumbe alikuwa bado mchanga kazini. Sasa naona ni mtaalamu kweli, hasemi ovyo."

Jioni ile aliyaleta, mawili badala ya moja, mazima, hayana hata alama ya kutu. Kesho yake Zoeb, naye aliyepelekewa neno lile lile, akaleta ya kwake, akauliza tena habari ya picha. Bi Chausiku akampigia fundi hodi, maana uani palikuwa na nafasi ya vyumba viwili vitatu vya kupangisha, na makuli waliochoka kulala chini ya magunia walikuwa wengi.

Jabiri aliyaangalia yale mabati yakipitishwa mbele yake. Akajivuta hadi kwa Mzee Salumu, aliyekuwa anakunywa kahawa yake, akamnong'oneza. Amwambie mama, tafadhali sana, haya mapya angalau yaende kwake. Kuta zinamomonyoka. Ana mke.

Mzee Salumu akaweka kikombe chini, akaenda, akarudi.

"Anasema hayajapimwa."

Fundi akaita kutoka juu, anataka mtu wa kumshikia ngazi. Jabiri akainuka, akaenda kuishika.